Manufaa ya Wengi na Deni la Wachache

"Wengi wape," husema wahenga, na mara nyingi msemaji hukoma hapo. Lakini methali hii ina kipande cha pili: usipowapa, watachukua wenyewe. Ukiisikiliza yote utaona kwamba haisemi kuwa wengi wana haki kwa sababu ya wingi wao. Yasema tu kuwa wana nguvu, na mwenye busara hashindani na nguvu asizoziweza. Ni shauri la tahadhari, wala si fundisho la maadili. Nimeona vyema kuanza na jambo hili kwa sababu baadhi yetu walimu, nami nikiwamo, tumepata kuwaambia wanafunzi wetu kwamba ile nadharia ya Waingereza isemayo kuwa tendo jema ni lile liletalo manufaa makubwa kabisa kwa watu wengi kabisa, ilikuwamo katika methali zetu tangu kale. Haikuwamo. Iliyokuwamo, na inayoikabili nadharia hiyo uso kwa uso, ni methali nyingine: Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Makala haya yanakusudia kuitazama nadharia hiyo na kuuliza inafika wapi na inakwama wapi. Sitaitazama vitabuni tu. Iko sehemu moja ya Afrika ya Mashariki ambako hesabu ya namna hii imefanywa waziwazi, kwa kalamu na daftari, juu ya watoto wa shule, juu ya nyumba za wakulima na juu ya madereva wa malori. Nayo ni nchi ya mpakani baina ya Kenya na Uganda, kutoka Busia hadi Tororo.

Kwanza jina lake. Tuiite nadharia ya manufaa. Neno hili lina udugu na kunufaika na pia na nafuu, kwani yote yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu. Mgonjwa hupata nafuu, na bidhaa huuzwa kwa bei nafuu. Na nadharia yenyewe imesimama juu ya maana hizo mbili, yaani kupunguza maumivu na kupunguza gharama ya kuyapunguza. Wako watakaopendelea neno maslahi, ambalo mafakihi wa Kiislamu wamelitumia tangu zamani katika mijadala yao kuhusu kheri ya umma. Silikatai, ila siku hizi ukitaja maslahi mbele ya walimu, watadhani umekuja kuzungumzia mishahara. Na msomaji wa sarufi atambue jambo moja la kuchekesha: manufaa hayana umoja. Hakuna "nufaa" moja ambayo mtu angeweza kuiweka mezani na kuanza kuhesabu, ilhali nadharia yote ni ya kuhesabu.

Mwasisi wake mashuhuri ni Jeremy Bentham (1748–1832), mwanasheria wa London, aliyechapisha kitabu chake kikuu mwaka 1789 na kudai humo kwamba kila sheria na kila tendo lipimwe kwa raha linayoileta na maumivu linayoyaondoa. John Stuart Mill (1806–1873) akaja kuirekebisha kwa maandishi aliyoyatoa gazetini mwaka 1861 na kitabuni mwaka 1863, akisema kwamba raha hazilingani kwa thamani, na kuwa furaha ya kujua haipimwi katika mizani moja na furaha ya kushiba. Kwetu sisi linalotakiwa kukumbukwa ni kwamba katika hesabu hii kila mtu ni mmoja. Mtemi ni mmoja, na mtwana ni mmoja. Mtoto wa waziri ni mmoja, na mtoto wa mchuuzi wa samaki ni mmoja. Katika zama ambazo Waingereza wenyewe walikuwa bado wakisafirisha watumwa baharini, hilo halikuwa neno dogo. Wale wanaoidharau nadharia hii kuwa ni falsafa ya wafanyabiashara husahau kwamba ilizaliwa ikiwa silaha dhidi ya upendeleo.

Sasa twende mpakani. Mpaka huu si wa asili. Mwaka 1902 Waingereza waliukata mkoa wa mashariki wa Uganda wakautia katika himaya ambayo baadaye iliitwa Kenya, na tangu hapo Wasamia na Wateso wamekuwa wakivuka mstari ili kuwaona ndugu zao. Busia ni miji miwili yenye jina moja. Malaba vivyo hivyo. Busia ya Uganda ilikuwa sehemu ya wilaya ya Tororo hadi mwaka 1997 ilipopewa wilaya yake. Hapa ndipo panapotajwa kuwa pamezaliwa neno bodaboda, kutokana na waendesha baiskeli waliokuwa wakiwanadia abiria safari ya kutoka mpaka hadi mpaka. Kiswahili hapa si lugha ya mama ya watu wengi, lakini bila ya hicho soko halifunguki.

Katika miaka ya 1990 shirika moja la hisani la Kiholanzi lilikuwa likizisaidia shule za msingi za Busia, upande wa Kenya. Michael Kremer, mchumi wa Kimarekani ambaye katika miaka ya 1980 aliwahi kufundisha shule ya sekondari katika eneo la Kakamega, alitoa shauri lililoonekana geni wakati ule. Fedha za shirika hazikutosha kuzisaidia shule zote kwa mara moja. Basi, badala ya kuanza na shule ambayo mwalimu mkuu wake anajua kuomba, shule zigawanywe kwa utaratibu usiomjua mtu, wengine wapewe mwanzo na wengine baadaye, kisha pande mbili zilinganishwe ili ijulikane kama msaada umefaa kitu.

Matokeo ya jaribio la vitabu yangestahili kubandikwa katika kila chumba cha walimu. Mwaka 1996 shule 25 kati ya 100 zilipewa vitabu vya kiada. Kila mtu alitazamia kwamba alama zingepanda. Wastani haukupanda. Watafiti walipochungua mtoto mmoja mmoja walikuta kwamba vitabu viliwasaidia wale tu ambao tangu awali walikuwa mbele ya wenzao. Sababu mojawapo waliyoitaja ni ile ambayo sisi walimu wa lugha tumekuwa tukiipigia kelele kwa miaka mingi: vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, na kwa watoto wengi wa huko Kiingereza ni lugha ya tatu, baada ya ile ya nyumbani na Kiswahili. Mtoto alipewa mlango, akanyimwa ufunguo. Angalia pia jinsi wastani unavyoweza kuficha mambo. Aliyesoma jumla peke yake angesema vitabu havikufaa. Aliyetazama mgawo angeona kwamba vilifaa, ila viliwafaa waliovihitaji kidogo kuliko wote.

Jaribio la minyoo ndilo lililoenea duniani. Januari 1998 zilichukuliwa shule 75 za wilaya ya Busia, zenye wanafunzi zaidi ya 30,000. Katika vipimo vya awali zaidi ya watoto tisa kati ya kumi walikuwa na minyoo ya tumbo au kichocho, wengine zaidi ya aina moja. Shule ziliorodheshwa kwa alfabeti kwa kila tarafa, kisha zikahesabiwa moja, mbili, tatu, ili kupata makundi matatu ya shule 25. Kundi la kwanza lilianza kupewa dawa mwaka 1998, la pili mwaka 1999, la tatu mwaka 2001. Dawa yenyewe iligharimu chini ya dola moja kwa mtoto kwa mwaka. Katika taarifa waliyoichapisha mwaka 2004, Kremer na mwenzake Edward Miguel walieleza kwamba utoro ulipungua kwa karibu robo. Alama za mitihani hazikubadilika. Lakini palikuwa na jambo lililowashangaza wengi: hata watoto wasiomeza dawa walipata nafuu, kwa kuwa wenzao hawakuchafua tena udongo na maji kama zamani. Wasichana waliotimiza miaka 13 hawakupewa dawa kwa hofu ya kumdhuru mtoto aliye tumboni iwapo mmoja wao angekuwa mja mzito. Nao pia walinufaika kwa kukaa karibu na walionufaika.

Palikuwa pia na funzo juu ya kujitegemea, neno ambalo wengi wetu tumelelewa nalo na tunalipenda. Mwaka 2001 wazazi wa baadhi ya shule waliombwa wachangie kiasi kidogo cha bei ya dawa. Waliomeza dawa wakashuka kutoka kama 75 katika kila 100 hadi chini ya 20. Nia ilikuwa njema na maneno yalikuwa mazuri, lakini watoto walibaki na minyoo yao. Hapa mfuasi wa Bentham ana haki ya kututazama na kutuuliza: mnapendelea nini, methali zenu za kujitegemea au matumbo ya watoto?

Habari hizi zilisafiri mbali. Mwaka 2009 serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa taifa wa kuwapa dawa za minyoo watoto wa shule. Mwaka 2015 wataalamu wengine waliirudia hesabu ya Busia, wakakuta makosa, hasa katika sehemu iliyohusu manufaa ya shule za mbali, na mabishano makali yakafuata. Mwaka 2019 Kremer alishiriki tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo. Mwaka 2021 ukachapishwa uchunguzi wa wale watoto wenyewe, sasa wakiwa watu wazima, ulioonyesha kwamba baada ya miaka 20 waliopata dawa kwa miaka miwili au mitatu zaidi walikuwa na matumizi makubwa kuliko wenzao kwa asilimia 14. Huko Ulaya na Marekani liliinuka vuguvugu zima la watu wanaotaka hisani ifanywe kwa hesabu, na mara nyingi ushahidi wao wa kwanza ni Busia. Mwalimu wao ni mwanafalsafa wa Australia, Peter Singer, ambaye katika makala ya mwaka 1972 alihoji hivi: ukimwona mtoto anazama katika kidimbwi utaingia umtoe, hata kama nguo zako zitaharibika, basi kwa nini umbali uwe udhuru? Mtoto wa Busia na mtoto wa jirani yako ni watoto wawili.

Mimi naikubali hoja hiyo, na naikubali bila ya kigugumizi. Nimesikia wenzetu wakisema kwamba kuwapa watoto wa shule moja dawa na kuwanyima wa shule ya pili, ili walinganishwe kama viazi vya majaribio, ni ukatili. Tusiwe wepesi wa kusema hivyo. Dawa haikutosha wote. Mtu fulani alikuwa lazima asubiri, na katika nchi zetu twajua sana ni nani husubiri pale ambapo orodha haipo: ni yule ambaye baba yake hamjui mtu. Asiyehesabu naye anachagua, ila anachagua gizani. Orodha ya alfabeti haina mjomba.

Walakini naona pengo, na pengo hilo si dogo. Duka lolote la mpakani lina madaftari mawili, la mauzo na la madeni. Nadharia ya manufaa ina daftari la mauzo tu. Ikisha kujumlisha na kuona kwamba njia hii yaleta kheri nyingi kuliko ile, kazi yake imekwisha. Aliyeumia ili jumla ipande amekwisha kuhesabiwa, maumivu yake yamekwisha kutolewa, na kilichobaki baada ya kutoa ndicho kinachoitwa haki. Hakuna mstari ambapo pameandikwa kwamba mtu huyu anatudai. Wanafalsafa wa karne iliyopita, kama John Rawls mwaka 1971 na Bernard Williams mwaka 1973, waliikosoa nadharia hii, kila mmoja kwa njia yake, kwamba haijali vya kutosha kuwa watu ni watu mbalimbali. Mtu mmoja akivumilia sindano leo ili apone kesho, faida na maumivu ni vyake mwenyewe. Sindano ikiingia mkononi mwangu na uponyaji ukaenda kwako, hesabu ni ile ile, lakini jambo si lile lile.

Ndiyo maana nasema kwamba mpango wa Busia ulivumilika kwa sababu ambayo hesabu yenyewe haiitaji: kundi la tatu lilikuwa na tarehe. Waliosubiri waliandikwa kuwa watapewa, na zamu yao ikafika. Dawa ya deni kulipa, na hapa deni lililipwa kwa dawa hasa. Tena kuanzia mwaka 1999 ilitakiwa kila mzazi atie sahihi kwanza, badala ya kutegemea ridhaa ya jumla iliyotolewa katika mkutano. Na idadi ya waliotibiwa ikapungua kidogo kwa ajili hiyo. Anayepima jumla peke yake ataiona hiyo kuwa hasara. Mimi naiona kuwa gharama halali ya kumwuliza mtu kabla ya kumwingiza katika hesabu.

Mfuasi wa Bentham atanijibu kwamba deni nalo laweza kuhesabiwa. Watu wakidhulumiwa hupoteza imani, wasipoamini hawaji tena kliniki, wasipokuja jumla hushuka. Kwa hiyo mwenye hesabu ndefu atalipa madeni yake bila ya kuhitaji nadharia nyingine. Jibu hili ni la werevu, nami nimelifikiria kwa muda mrefu. Shida yake ni kwamba laufanya uzito wa deni utegemee sauti ya mdai. Wako wadai wasiojua kuwa wanadai. Wako wasio na pa kulalamikia. Kwa hesabu hiyo, kuwadhulumu hao hakuna gharama, na hao ndio hasa ambao methali ya mnyonge ilitungwa kwa ajili yao.

Tuvuke upande wa Tororo tuone deni lisilokuwa na tarehe. Mwanzoni mwa karne hii watafiti walikadiria kwamba mkazi wa Tororo aliumwa na mbu mwenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 500 kwa mwaka, na wa Apac, kaskazini mwa Uganda, zaidi ya mara 1,500. Ilipopatikana fedha ya kunyunyiza dawa ya mbu ndani ya nyumba, kazi ilifanywa kwa miaka kadhaa katika wilaya kumi za kaskazini, Apac na Gulu na Kitgum zikiwamo. Malaria ikapungua. Mwaka 2014 kazi hiyo ikakomeshwa huko na kuhamishiwa wilaya nyingine 14 ambazo mzigo wake ulionekana kuwa mkubwa zaidi, na Desemba 2014 wanyunyizaji wakaingia Tororo. Huko nako ugonjwa ukashuka kwa kiasi ambacho wauguzi wakongwe hawakuwahi kukiona. Wakati huo huo, katika mwaka 2015, malaria ilirudi kaskazini kwa kishindo, ijapokuwa vyandarua vilikuwa vimegawiwa.

Sitaki kuwalaumu waliokata shauri. Fedha ilikuwa ile ile, na kwa hoja ya mizani ilifaa iende palipo na wagonjwa wengi. Lakini tazama tofauti baina ya jambo hili na la Busia. Mtoto wa kundi la tatu alikuwa hajapewa kitu, alingoja. Mtoto wa Apac alikuwa amepewa, kisha akapokonywa, na aliyezaliwa katika miaka ya dawa alikuwa amekua bila ya kinga ambayo mwili huijenga kwa kuugua mara kwa mara. Nafuu ya Tororo ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa Apac. Mwaka 2017 nyumba za kaskazini zilinyunyiziwa mara moja tena, baada ya watu wengi kuugua. Naita hiyo kulipa riba, si deni. Baadaye Tororo nayo ikaonja. Mwaka 2020 dawa iliyokuwa ikitumika ilibadilishwa, na katika miaka iliyofuata ugonjwa ukapanda tena Tororo na Busia ya Uganda.

Tororo ina kisa kingine, kwa kuwa mji wa Malaba wa upande wa Uganda umo katika wilaya hiyo. Machi 2020, maradhi ya korona yalipoingia, Uganda ilifunga mipaka yake kwa abiria ikayaacha malori ya mizigo yapite, kwani nchi isiyo na bandari haiwezi kuishi bila ya hayo. Madereva wakawa wa kupimwa. Majibu ya vipimo yalichelewa, na malori yakapangana upande wa Kenya kwa makumi ya kilomita, watu wakilala humo siku baada ya siku. Wengi wa waliokutwa na ugonjwa katika majuma yale walikuwa madereva, na baadhi ya wananchi wakataka wazuiwe kabisa. Mwezi Mei Rais wa Uganda akaagiza kwamba madereva wa kigeni wanaokutwa na ugonjwa mpakani na kurudishwa kwao wasihesabiwe tena katika idadi ya wagonjwa wa Uganda. Idadi ikashuka kwa usiku mmoja, bila ya mgonjwa kupona.

Kwa hoja ya takwimu palikuwa na sababu, kwani mtu mmoja asingefaa kuandikwa katika nchi mbili. Lakini hapa ndipo nadharia ya manufaa inapotufaa kuliko mahali pengine pote, na ndipo nisingependa tuitupe. Bentham angeuliza: huyu dereva ni mmoja, au si mmoja? Ikiwa ni mmoja, yuko katika daftari la nani? Kituo cha pamoja cha forodha cha Busia, kilichofunguliwa rasmi na marais wawili Februari 2018, kilijengwa ili karatasi za mzigo zikaguliwe mara moja tu kwa nchi mbili. Mzigo ulipata hesabu moja. Dereva wake alitolewa katika ya kwanza, na alifika katika ya pili kama mtu aliyerudishwa. Naye ndiye aliyekuwa akibeba mafuta na dawa, tena hata barakoa ambazo waliomkimbia walikuwa wamezivaa. Kama pamewahi kuwa na watu walioumia ili wengi wapate, ni hawa. Na wao hawakuwa na hata tarehe.

Sasa nirudi darasani, kwa kuwa msomaji wa jarida hili hatapewa fedha za kunyunyizia wilaya, lakini kila mwaka hupewa orodha ya majina.

Kwa miaka mingi, tangu mtihani wa KCPE ulipoanza mwaka 1985 hadi ulipofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, shule za msingi za Kenya zilijulikana kwa wastani wa alama. Wastani ukiwa mzuri wazazi huleta watoto, michango hupatikana, mwalimu mkuu husifiwa tarafani, na hata mwanafunzi wa kawaida hunufaika kwa kutoka katika shule yenye jina. Basi palizuka desturi ambayo walimu wengi wanaijua na wachache huisema. Watoto wanaotazamiwa kuuvuta wastani chini hushauriwa warudie darasa, au huandikishwa kufanya mtihani katika kituo kingine chenye jina dogo. Nilifundisha katika shule moja ya upande wetu iliyofanya hivyo. Mkuu wetu hakuwa mtu mbaya. Alituita akatueleza kwa upole: watoto kumi na mmoja wakienda kule, wastani utapanda, na watoto zaidi ya sitini watapata nafasi bora. Hao kumi na mmoja hawatapoteza kitu, kwani karatasi ya mtihani ni ile ile. Ilikuwa hesabu ya Bentham tupu, ingawa sidhani kama alikuwa amepata kumsoma.

Mimi ndiye niliyepewa kuandika orodha, kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Miongoni mwa kumi na mmoja alikuwamo kijana mmoja ambaye hesabu ilimshinda kabisa, lakini Kiswahili chake cha mdomo kilikuwa kipana kuliko cha wenzake wote, maana mama yake aliuza dagaa sokoni mpakani naye alikuwa akimsaidia kuwaita wateja. Katika insha alikuwa akiandika kama asemavyo, na nilikuwa nikimkata alama kwa hilo. Nilimwandika wa saba. Hatukumwuliza yeye, wala hatukumwita mama yake. Tukamwambia kwamba kituo chetu kimejaa.

Wastani ulipanda. Hilo lazima niliseme, kwa kuwa ni kweli, na wako watoto wa mwaka ule ambao leo ni wauguzi na makarani na wamefika huko kwa njia iliyofunguliwa na wastani ule. Sijui kama ningeweza kumtazama mmoja wao na kumwambia kwamba jumla haikuwa kubwa. Ilikuwa kubwa.

Miaka mingi baadaye nilishuka matatu Malaba nikiwa na mzigo wa vitabu, nikamwita mwendesha pikipiki. Ndiye. Alinijua kabla sijamjua. "Habari ya siku nyingi, Mwalimu," akasema, akanipokea mzigo na kuufunga nyuma kwa mpira, kwa uangalifu. Njiani alinieleza kwamba siku ya mtihani alitembea saa moja na nusu kufika kituo kile, na kwamba hakumjua mtu yeyote katika chumba. Alisema hivyo kama mtu anayesimulia habari ya mvua ya mwaka fulani. Kisha akaniuliza kama shule yetu bado inajaa vile. Nilimjibu kwamba haikuwa imejaa. Alikaa kimya hadi tulipofika, akauteremsha mzigo, akanitajia nauli, ile ile anayotozwa kila mtu. Nilimpa noti kubwa nikamwambia abaki nayo. Akafungua kipochi chake, akahesabu chenji yote hadi sarafu ya mwisho, akaniwekea mkononi.